Kompresa ya AC ya pili imekufa ndani ya miezi minne. Kabla sijanunua ya tatu, nisaidieni

Mama Kulwa na Doto

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, uzi ni mrefu, ila nimechoka kuliwa hela.

Gari ni Toyota Premio ya 2004, injini 1NZ, cc 1500. Naishi Mbagala, kazini ni Posta, na katikati hapo kuna wanangu wawili wa kuwashusha shule. Mwezi wa pili Dar bila AC mnaujua wenyewe. Watoto wanashuka sare zimelowa kama wametoka kuogelea.

Mimi ni mhasibu, kila senti ya gari naiandika kwenye daftari. Daftari linasema hivi: mwaka jana mwezi wa 1, kujaza gesi. Mwezi wa 6, gesi. Mwezi wa 8, gesi. Mwishoni mwa mwezi wa 9, gesi tena, na hapo tayari kulikuwa na sauti ya kusaga ukiwasha AC. Mwezi wa 10 kompresa iliyokuja na gari ikakwama, nikafungiwa ya mtumba. Mwezi wa 12, gesi. Juzi Jumanne nikiwa foleni Mtongani, ikalia grrrrr, ikaja harufu ya mpira unaoungua, halafu taa ya kitufe cha AC ikaanza kupepesa. Tangu hapo nikibonyeza inapepesa tu, baridi hakuna.

Fundi wangu kaniambia: "Mama, kompresa za mtumba ni bahati nasibu. Lete laki tatu na nusu tufunge nyingine." Nikamuuliza imekufa kwa nini, akajibu "imechoka." Sasa hilo naliandika safu gani?

Kitu kingine, sijui kama kina maana. Tangu mwaka jana AC ilikuwa na tabia moja: gari likitembea inapoa vizuri, nikisimama foleni inapuliza joto. Mwendo ukirudi na baridi inarudi.

---

Tozi la Tandika

Shusha vioo mama, upepo wa Bahari ya Hindi haujazwi gesi.

Natania. Nimekaa hapa na karanga zangu, nasubiri wataalamu.

---

Mzee wa Chapchap

Dada usijisumbue kichwa. Nenda Ilala, chagua nyingine iliyotoka Sharjah, bana muuzaji akupe waranti ya wiki mbili, funga, jaza gesi, maisha yaendelee. Mimi kwenye Noah yangu nimeshabadilisha tatu.

---

Fundi Geji

Mkuu hapo juu, mtu aliyebadilisha tatu ndiye wa kumwambia mwenzake asijisumbue kichwa?

Mama Kulwa, pole. Niko Mwanza, kwa hiyo sitegemei kukuuzia kitu. Nina miaka kumi na kitu kwenye AC za magari na nakuambia hivi: kompresa ni chombo kigumu. Ya kampuni ya Denso ikitunzwa hufika umri wa gari. Ukiona mbili zimekufa kwa mpigo, zimeuawa, na aliyeziua bado yumo ndani ya gari lako anasubiri ya tatu.

Daftari lako limeshasema nusu ya kesi. Angalia nafasi kati ya gesi na gesi: miezi mitano, miwili, mmoja. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Mfumo umefungwa, gesi ileile inazunguka miaka na miaka. Kama inapungua, inavuja. Na kompresa haina sampu yake (bakuli la mafuta) kama injini; mafuta yake husafiri pamoja na gesi, yanapita kwenye kondensa (ile kama rejeta iliyo mbele ya gari), kwenye valvu ya upanuzi (kijitundu kinachoshusha presha), kwenye evaporeta (inayopoza hewa ndani ya dashibodi), yanarudi. Gesi ikitoka kwenye tundu, mafuta nayo yanatoka. Kila ulipojaziwa gesi, kuna mtu aliyeongeza mafuta? Naomba jibu la daftari, siyo la fundi.

Sasa kabla ya kusema "imekufa". Neno hilo linaficha mambo matatu tofauti: haipati umeme, au klachi (inayoiunganisha kompresa na mkanda wa injini) haishiki, au klachi inashika lakini ndani haisukumi. La kwanza linaponywa na fyuzi au rilei ya bei ya soda. Nimeona watu wanashusha kompresa nzima kwa sababu ya waya uliokatika karibu na plagi. Kwa hiyo tafuta mtu mwenye mita ya umeme na mwenye geji za kupima presha ya gesi, mfanye haya injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Funga geji pande zote mbili, ya bluu (presha ya chini) na nyekundu (presha ya juu). Usiwashe gari, soma tu, na uniambie joto la siku hiyo. R134a, yaani gesi ya AC, ikiwa bado ina kimiminika ndani, kwa joto la nyuzi 30 pande zote zitasoma karibu psi 97 (psi ni kipimo cha presha). Namba hiyo inafuata joto tu, haikuambii gesi ni nyingi au kidogo. Ila ikiwa chini sana ya hapo, jua kimiminika kimeisha.

Kisha shika ile sahani ya mbele ya klachi, siyo puli inayovaa mkanda, uizungushe kwa mkono. Nzima huzunguka kwa ulaini wenye ukinzani kidogo. Iliyojam haiendi. Inayozunguka kama feni ya mtoto, bila ukinzani wowote, nayo ni mbovu, valvu za ndani zimevunjika.

Pima koili ya klachi (sumaku ya umeme inayoivuta ile sahani), Denso nyingi husoma kati ya omu 3 na 5. Halafu washa injini na AC, pima kama volti 12 zinafika kwenye plagi ya klachi.

Mwisho, AC ikiwa imewashwa, simama mbele ya gari uangalie feni. Zote.

---

Mkazi wa Likoni

Asalaam aleikum jamani. Mie niko Mombasa, nafanya kazi bandarini upande wa makontena ya baridi, kwa hivyo kompresa nazijua japo zetu ni kubwa.

Dadangu, usikimbilie kununua. Mwaka juzi gari langu AC ilikuwa ikifanya kazi asubuhi, ikifika saa saba mchana yakataa. Mafundi watatu wote wakasema kompresa. Kumbe ni mwanya wa klachi. Ile sahani yatakiwa ikae mbali na puli kama milimita 0.35 hadi 0.65. Ikishalika, mwanya wapanuka. Koili ikipata moto nguvu yake ya sumaku yapungua, haiwezi tena kuivuta. N'likuwa nikiisukuma kwa mpini wa nyundo ikashika papo hapo. Tulitoa kishimu kimoja kidogo (kipande chembamba cha chuma) nyuma ya sahani, mwanya ukarudi, na mpaka leo yapiga baridi.

Lakini hiyo yako yenye harufu ya mpira… naogopa siyo klachi peke yake.

---

Mama Kulwa na Doto

Ahsanteni sana. Leo Jumamosi shemeji yangu fundi umeme alikuja na mita, na nimemkodi kijana mmoja mwenye geji. Majibu haya hapa:

Joto lilikuwa nyuzi 31. Geji zote mbili psi 60. Fyuzi nzima. Koili omu 3.7. Tukiwasha AC, volti 12.3 zinafika kwenye plagi, mkanda unalia, baada ya sekunde chache umeme unakatika na taa inaanza kupepesa. Sahani ya mbele haisogei, hata shemeji alipotia spana. Feni ziko mbili. Moja inazunguka. Ya pili, iliyo mbele ya upande wa dereva, kimya. Shemeji aliisukuma kwa kijiti, ikazunguka kivivu robo duara ikasimama.

Mafuta ya kompresa: daftari halina ingizo lolote la mafuta. Sifuri.

---

Fundi Geji

Hayo ndiyo majibu. Natamani wateja wangu wote wangekuwa wahasibu.

Tusome pamoja. Umeme unafika, koili nzima, kwa hiyo upande wa umeme uko huru. Sahani haiendi: kompresa imejam ndani kweli, fundi wako hapo hajakudanganya. Taa kupepesa nako kuna maana. Toyota nyingi za miaka ile zina sensa inayohesabu mizunguko ya kompresa. Kompyuta inalinganisha na mizunguko ya injini. Ikiona kompresa imebaki nyuma sana, inakata umeme wa klachi ili mkanda usikatike, na inapepesa taa kukuita. Ile harufu ya mpira ilikuwa mkanda unateleza juu ya puli iliyogoma.

Psi 60 kwa nyuzi 31: ilipaswa kukaribia 100. Hakuna tone la kimiminika mle. Umejaza mwezi wa 12, leo mwezi wa 2. Unavuja, na umekuwa ukivuja tangu mwaka jana, na kompresa zote mbili zimekuwa zikizunguka karibu kavu.

---

Mswahili wa Maskati

Nimepita tu lakini feni hiyo imenisimamisha. Mimi Mzanzibari, niko Maskati mwaka wa tisa, gereji. Huku mwezi wa 6 joto linapita 45, kwa hiyo presha ya juu ndiyo mkate wetu.

Fundi Geji, maneno yako ya mafuta nayakubali, lakini soma tena mwisho wa ujumbe wa kwanza. Gari likitembea inapoa, likisimama inapuliza joto. Hiyo ni feni ya kondensa, haihitaji hata geji. Kompresa inaisukuma gesi ya moto mbele kwenye kondensa, pale ndipo inapotupa joto na kuwa kimiminika. Gari likienda, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Likisimama na feni ni mfu, joto halina pa kwenda, presha ya upande wa juu inapanda. Kawaida kwa joto la Dar ungeona psi 200 hadi 250. Bila feni inapita 300, inaelekea 400.

Mtu ataniuliza, si kuna swichi ya presha? Ipo. Toyota hukata karibu psi 455 kwa juu, na karibu psi 28 kwa chini. Lakini kati ya 250 na 455 hakuna anayekulinda. Kompresa inasaga mzigo huo foleni nzima, kila siku, na mafuta machache yaliyobaki yanaungua. Na injini haikuchemka kwa sababu feni ya pili, ya rejeta, iliendelea kufanya kazi. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Feni inayosukumwa na kijiti ikaenda robo duara ni kaboni za mota (zinazoipelekea umeme) zimekwisha.

---

Fundi Geji

Maskati, nakuvulia kofia. Nililisoma lile la foleni nikalipita, akili yangu ilishakamatwa na daftari.

Basi wauaji ni wawili: tundu na feni. Na ya pili nadhani iliuawa pia na maiti ya ya kwanza. Mama Kulwa, mwezi wa 10 walibadilisha nini zaidi ya kompresa? Walisafisha mfumo?

---

Mama Kulwa na Doto

Risiti inasema "kompresa + gesi + ufundi". Basi.

---

Mzee wa Chapchap

Kusafisha siyo lazima kiasi hicho. Na kama ni lazima, wanamwaga petroli kwenye mabomba wanapuliza kwa kompresa ya upepo, dakika kumi kazi imekwisha. Mnamtisha dada wa watu.

---

Fundi Geji

Petroli hapana, mkuu, na hapa sitakubembeleza. Petroli inakula mpira wa hosi na oringi, inabaki ndani inaharibu mafuta mapya, na mvuke wake uko kwenye boneti la gari lenye betri. Upepo wa ile kompresa ya kujazia matairi nao una maji, na mafuta ya PAG, haya ya kompresa za mkanda, yanakunywa maji kama sifongo. Maji yakikutana na gesi na joto inazaliwa asidi, asidi inaanza kula aluminiamu kutoka ndani. Kuna vimiminika vya kusafishia AC vinauzwa, na upepo unaotakiwa ni naitrojeni kavu.

Na hata hivyo, kuna kitu kimoja hakisafishiki. Kompresa ikijam, inatema vipande vya chuma laini kama unga wa fedha. Unga huo unakwenda moja kwa moja kwenye kondensa. Kondensa za siku hizi zina njia nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, nyingi sambamba. Ukipuliza, upepo unapita kwenye njia zilizo wazi, zilizoziba zinabaki zimeziba. Siku ya kwanza kompresa mpya inapozunguka, unga uliobaki unarudi kuinywesha sumu. Evaporeta na mabomba yanasafishika. Kondensa ya gari lililojam, mimi nabadilisha. Kwenye Toyota nyingi za umri wa lako, kikaushio (kinachonyonya maji kwenye gesi) kiko ubavuni mwa kondensa, kwa hiyo unapata vyote kwa mkupuo.

---

Tozi la Tandika

Chapchap amekimbia uzi 😂

---

Mzee wa Chapchap

Sijakimbia, nasoma. Noah yangu haijawahi kubadilishwa kondensa.

---

Mkazi wa Likoni

Ngojeni niweke neno la gesi yenyewe kabla dada hajaenda kununua. Mitungi ya bei rahisi mno jihadharini nayo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka katika bandari za nchi kadhaa, wafanyakazi watatu wakafa. Yalikuwa yamefanyiwa matengenezo Vietnam na kujazwa gesi bandia, ndani mna kloridi ya methili badala ya R134a safi. Ile kitu ikikutana na aluminiamu yatengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Kompresa za magari zina aluminiamu nyingi. Bandarini tangu hapo hatuchezi na mtungi usiojulikana ulikotoka.

Na wale wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC ya gari, kisa yapoa: evaporeta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya watoto.

---

Dereva wa Aqua

Samahani kuchomeka swali. Nina Toyota Aqua, AC imepungua nguvu, fundi anataka kuongeza mafuta ya PAG 46. Sawa?

---

Fundi Geji

SIMAMISHA. Aqua, Prius na ndugu zao wana kompresa ya umeme isiyo na mkanda. Mota iko ndani, imezama kwenye mafuta na gesi, na inatumia umeme wa betri kubwa, ile ya nyaya za rangi ya chungwa. Mafuta yake ni ya aina ya esta, Denso huyaita ND-11, hayapitishi umeme. PAG ndani yake inavunja ukinzani wa umeme, gari linagundua linavuja umeme kwenye bodi, na unaweza kulifanya ligome kuwaka. Hata hosi za geji zilizotumika kwenye gari la PAG zisafishwe kwanza. Fungua uzi wako tukusaidie huko, hapa tumalize Premio.

---

Mama Kulwa na Doto

MREJESHO. Wakuu, kazi imefanyika jana na leo. Nilimpelekea fundi wangu yuleyule uzi huu nimeuchapa kwenye karatasi. Mwanzoni alinuna: "Nani huyo Geji, yuko Mwanza anaona gari langu?" Nikamwambia ufundi nitalipa kamili, ila tunafuata karatasi. Nikavuta kiti nikakaa.

Kompresa iliposhuka tuliipindua juu ya kikombe cha dawa ya kikohozi ya watoto, kile chenye alama za mililita. Yalitoka mafuta mililita 15 tu, rangi ya majivu, yanang'aa kama yametiwa pambo la kucha. Fundi alikaa kimya kidogo. Valvu ya upanuzi ilipofunguliwa, chujio lake dogo lilikuwa limejaa unga uleule. Akasema mwenyewe, "Hii ni ya ile ya mwezi wa kumi." Sikujibu kitu, niliandika.

Tundu: nilikodi tochi ya zambarau. Ile rangi ya kutafutia mvujo waliyoitia na gesi ya mwezi wa 12 ilikuwa bado imo. Hosi ya upande wa chini, pale mpira unapobanwa na aluminiamu, iliwaka kijani pande zote. Hata bila tochi palikuwa na vumbi jeusi limegandia mafuta, na mimi nilikuwa napaona kila nikiongeza maji ya wipa. Mwaka mzima.

Feni: mota ilifunguliwa, kaboni moja imeisha kabisa, nyingine imebaki kama punje ya mchele.

Tumebadilisha kompresa (mtumba, nimeichagua mwenyewe: midomo ilikuwa imezibwa, sahani inazunguka kwa ulaini, mafuta ya ndani safi kama ya kupikia), kondensa mpya yenye kikaushio, valvu ya upanuzi, hosi imebanwa upya na kichwa kipya, mota ya feni, oringi zote. Evaporeta na mabomba yamesafishwa, naitrojeni ikapita.

Ugomvi ulikuwa kwenye kunyonya hewa. Fundi alitaka dakika kumi. Fundi Geji, nisaidie kumwelezea maana nilishindwa, nikatumia ukali tu.

---

Fundi Geji

Hahaha. Mwambie hivi. Pampu ya vakyumu kazi yake siyo kutoa hewa tu, inatoa maji. Huwezi kuyafuta kwa kitambaa mle ndani, unayachemsha. Kwa nyuzi 30 maji huchemka ukishusha presha hadi kama sehemu moja ya 24 ya presha ya kawaida ya hewa. Pampu inafika hapo mapema, lakini yale yaliyojificha kwenye mafuta na kwenye pembe yanachemka polepole. Kwa unyevu wa Dar mimi sishuki chini ya dakika 45. Kisha zima pampu, funga geji, kanywe chai dakika 20. Sindano ikipanda, bado kuna tundu au maji.

Mafuta mliweka kiasi gani?

---

Mama Kulwa na Doto

Alimwaga yaliyokuwa kwenye kompresa ya mtumba, tukapima kwa kikombe kilekile. Kwa kuwa kondensa ni mpya na mabomba yamesafishwa hadi kukauka, tukaweka kipimo cha mfumo mzima kama kilivyoandikwa kwenye kompresa, siyo zaidi. Ni PAG ya Denso, ND-8, ya chupa iliyofunguliwa mbele yangu. Kabla ya kuwasha aliizungusha sahani kwa mkono mara kumi na kitu, alisema mafuta yakikaa juu ya pistoni ukiwasha ghafla zinavunjika. Hilo halikuwa kwenye karatasi yenu, ni lake mwenyewe, nampa alama.

Dakika 45 alizimaliza. Sindano haikusogea.

Gesi tumepima kwa mizani. Kibandiko chini ya boneti kinataja gramu. Fundi wangu alizoea kujaza mpaka bomba litoe jasho. Mizani ilipofika namba, bomba lilikuwa bado, akataka kuongeza "kidogo tu". Nikakataa. Tukafunga boneti, baada ya dakika tano bomba likatoa jasho lenyewe.

Namba za leo saa nane mchana, nyuzi 31, gari limesimama, feni zote zinazunguka, injini mizunguko 1500: chini psi 33, juu psi 220. Kipimajoto cha watoto kiligoma kusoma baridi hiyo, tukaazima cha jirani anayeuza samaki: nyuzi 8 kwenye tundu la katikati.

---

Mswahili wa Maskati

Presha nzuri hizo. Acha hapohapo, usimruhusu mtu yeyote "kuongeza kidogo". Kondensa ioshwe kwa maji ya bomba ya kawaida kila baada ya miezi michache, siyo yale ya mashine yanayokunja mapezi.

---

Mzee wa Chapchap

Gharama? Sema ukweli.

---

Mama Kulwa na Doto

Kompresa 280,000. Kondensa 160,000. Valvu 45,000. Hosi 40,000. Mota ya feni 60,000. Mafuta, oringi, gesi na naitrojeni 90,000. Ufundi 100,000. Jumla 775,000.

Mwaka jana peke yake: gesi mara tano kwa 50,000 ni 250,000, kompresa ya mwezi wa 10 na kufunga 350,000. Laki sita, na mwisho wake nilikuwa na gari la joto. Mota ya feni ya elfu sitini ndiyo inayoniuma. Nikiangalia tarehe, lile joto la foleni lilianza kabla hata ya gesi ya mwezi wa 6.

Fundi wangu ameomba kiungo cha uzi huu. Nimempa.

---

Mzee wa Chapchap

Fundi Geji, naomba unisaidie kitu. Noah yangu, ile AC ya nyuma… nikibonyeza, feni ya mbele sijawahi kuiangalia. Nakuja PM.

---

Tozi la Tandika

Mama Kulwa, zile kompresa mbili zilizokufa bado unazo? Kuna mtu wangu wa chuma chakavu anapima kwa kilo.

---

Fundi Geji

Usimpe Tozi. Koili inasoma omu 3.7, hiyo ni nzima, na puli kama beringi hailii nayo ni mali. Fungua vyote viwili weka kabatini, chuma kilichobaki ndicho cha Tozi.

---

Mama Kulwa na Doto

Koili nimeshaiuza. Kuna mtu wa Kigamboni alikuwa anasoma uzi kimyakimya, kanifuata PM jana usiku. Elfu ishirini na tano, nimeiandika upande wa mapato.